Kura ya Kumi na Nne ya Bwana Shaibu bin Abeid

Saa kumi na mbili jioni ya tarehe 31 Desemba 1959, Bwana Shaibu bin Abeid atasoma kina cha maji kwenye mdomo wa mto Ruvuma, ataandika tarakimu zake daftarini, na utumishi wake katika Chama cha Utafiti cha Pwani ya Kusini utakuwa umefika mwisho. Atakuwa ametumikia miaka kumi na miwili na miezi kumi, yote mahali pamoja. Mwandishi wa maneno haya, Issa bin Mohamedi, katibu wa Chama, ameyapitia madaftari yake yote na kukuta amesoma maji yale zaidi ya mara elfu kumi na tatu. Hakuna mwanachama mwingine aliyefanya jambo lolote mara elfu kumi na tatu, ukiacha kulalamikia chai ya mikutanoni.

Bwana Shaibu alizaliwa Mikindani mwaka 1904. Alisoma chuo cha Kurani, akajua kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazochapia jarida letu, na ujana wake aliupitisha kwenye mizani ya duka, akipima ufuta na nta. Wakulima waliokuwa na shaka na mizani ya maduka mengine walikuwa wakimpitia yeye kwanza, wapimiwe bure, ndipo waende kuuza huko wanakotaka. Mwenye duka hakuipenda tabia hiyo hata kidogo. Chama kilipoundwa mwaka 1947, na walimu, mabwana shamba, matabibu na makarani wachache waliotaka kuijua nchi yao kwa kuipima badala ya kuisikia, mwenye duka huyo alikuwa wa kwanza kumpendekeza Bwana Shaibu, tena kwa furaha kubwa.

Tarehe mosi Machi ya mwaka huo akapelekwa mdomoni. Walio wengi kati yetu hawajakiona kituo, kwa hiyo nieleze. Ni nyumba ya udongo ya vyumba viwili, kopo la kupimia mvua, na mti wa vipimo uliosimikwa majini. Kijiji cha karibu, Kilambo, ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na masika yakishika njia hupitika kwa taabu. Kazi ni kusoma kina cha maji mara tatu kwa siku, kupima mvua, kuonja kama maji ya mto yameingia chumvi ya bahari, na kuwahesabu watu wanaovuka kwa mitumbwi kwenda na kutoka upande wa Wareno. Akija mtu, anahesabiwa. Asipokuja, inaandikwa sifuri.

Katika kila ukurasa wa daftari lile kuna safu ya mwisho iitwayo Maelezo, ambayo imewekwa kwa ajili ya mambo ya hali ya hewa. Bwana Shaibu aliielewa kwa namna yake. Mwaka 1948 kuna mahali ameandika, "Kiboko mmoja, hakusema neno." Mwaka 1949, "Leo nimeota watu wengi wanabishana, nikaamka nimefurahi." Afisa mmoja wa Kizungu aliyekuwa mshauri wa Chama wakati ule alimwandikia barua kumkumbusha kwamba safu ile si ya mambo yake binafsi. Bwana Shaibu akatii. Kuanzia hapo, kwa siku ambazo hakuvuka mtu, safu ya Maelezo ina nukta moja tu, iliyokolezwa wino. Nimezihesabu nukta hizo kwa mwaka 1951 peke yake, ni mia moja na themanini na tatu.

Jambo jingine tulilomcheka sana ofisini ni muda wake. Watu wanaovuka waliulizwa maswali mawili tu, unatoka wapi na umebeba nini. Katika kituo chetu kingine cha juu ya mto, msafiri mmoja alichukua dakika tatu. Kwa Bwana Shaibu alichukua robo saa, na mmoja wa mwaka 1950, fundi cherehani kutoka Lindi, alichukua siku mbili. Kamati ikamwita ajieleze. Alijieleza kwamba mtu aliyetoka kutembea mchana kutwa akiulizwa mara moja atasema lolote ili aondoke, lakini akipewa maji kwanza, akakaa, akaulizwa habari za nyumbani, atasema kweli. Wajumbe walicheka. Baadaye mabwana shamba walijaribu njia hiyo kwenye hesabu ya mikorosho vijijini, wakaona majibu yanalingana na miti iliyopo. Hivi leo ni kanuni ya Chama, namba nne katika kitabu chetu: Anayeulizwa apewe maji kwanza. Wengi wanaiita kanuni ya adabu. Mimi niliyekaa naye kituoni najua ilianza kwa mtu aliyetaka msafiri asiondoke upesi.

Nilikaa naye miezi mitatu, mwaka 1952, nikijifunza kazi ili awepo mtu wa pili anayeiweza. Alinipokea kama mgeni wa harusi. Siku ya kwanza alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, chungu kizima, tukala hadi nikashindwa kuinama. Alinifundisha kusoma mti wa vipimo upepo ukiwa unavuma, alinifundisha kutupa kipimo kibovu bila huruma, kwa sababu punje moja mbovu ikihesabiwa huharibu zilizo nzuri, na alinifundisha kanuni yake mashuhuri kuliko zote, ile ya namba ndogo. Inasema kwamba wahesabuji wawili wahesabu kila mmoja peke yake bila kusemezana, na wakitofautiana iandikwe hesabu ndogo, kwa kuwa binadamu huongeza kuliko anavyopunguza. Mwezi wa pili nilianza kubishana na birika. Mwezi wa tatu nilikuwa nikimsubiri kiboko. Niliporudi Mtwara na kuona malori yanavyopishana kwenda kwenye ujenzi wa bandari, vumbi tupu na kelele tupu, nilisimama njiani nikacheka peke yangu. Niliapa moyoni kwamba sitarudi kule kukaa, labda nibebwe.

Mkewe, Bi Mwanakombo, aliishi naye kituoni mwaka wa kwanza. Homa ilimshika mara nne, na mara ya nne alirudishwa Mikindani kwa machela. Tabibu akamkataza kurudi. Tangu hapo ndoa ile ilikuwa ya barua, na likizo ya siku kumi na nne kila mwaka. Bwana Shaibu aliomba uhamisho mwaka 1950, akaomba tena 1952, akaomba tena 1954. Majibu yote matatu niliyaandika mimi. Yalisema kwamba Kamati inathamini sana kazi yake, na kwamba vipimo vya muda mrefu vinataka jicho lile lile. Nilikuwa na nakala ya jibu la kwanza, kwa hiyo la pili na la tatu hayakunichukua muda.

Sasa nifike kwenye uchaguzi, maana ndio hasa uliofanya makala hii iwe ndefu kuliko alivyotaka mhariri.

Chama chetu, kama mnavyojua, kina mikondo mitatu. Mkondo wa Mazao unashughulika na mashamba, Mkondo wa Bahari unashughulika na samaki na maji, na Mkondo wa Njia za Utafiti hauna shamba wala samaki. Kazi yake ni kumuuliza kila mtu swali moja, umejuaje? Kwa miaka mingi mwenyekiti wa mkondo huu alikuwa mtu wa heshima tu. Mwaka 1955 Kamati iliamua kiti hicho kiwe kazi kamili. Mwenyekiti angekaa Mtwara, angekuwa na chumba cha ofisi karibu na Shangani, na angewafundisha waangalizi wapya. Uchaguzi ukapangwa kwenye mkutano mkuu wa Novemba 1956.

Hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya Bwana Shaibu. Nusu ya kanuni za mkondo alizitunga yeye. Lakini si hilo lililomfanya agombee, na wala hakuficha. Alipokuja mkutanoni alinishika mkono akaniambia, "Issa, mdogo wangu, mimi nataka kusikia mtu akikohoa chumba cha pili. Basi." Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kukodi nyumba Shangani, na kuta amezipaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe. Mshindani wa Bwana Shaibu alikuwa Bwana Shabani bin Omari, karani wa forodha, msomi, mcheshi, mkazi wa Shangani, ambaye hana adui mpaka leo.

Wageni wa jarida hili huenda hawajui tunavyopiga kura. Miongoni mwetu wapo wanaosoma herufi za Kiarabu, wapo wa herufi za Kizungu, na wapo wavuvi na wakulima wanaotuletea hesabu safi kabisa vichwani mwao bila herufi yoyote. Kura za karatasi zilituletea ugomvi mwaka wa kwanza. Tangu hapo tunatumia korosho. Kila mwanachama anachukua korosho moja ghafi kwenye kikapu mlangoni, anaingia nyuma ya pazia palipo na vyungu vya wagombea, anatia yake, anatoka. Wahesabuji wawili wanahesabu kwa zamu, kila mmoja peke yake, na kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi chake. Matokeo yakisomwa, korosho za vyungu vyote huchanganywa, hukaangwa uani, hubanguliwa na kuliwa na wote, mshindi na mshindwa bega kwa bega. Kura ikishaliwa haizungumzwi tena. Ni desturi nzuri, imetuepusha na fitina nyingi, na siku ile iliniokoa mimi.

Wahesabuji wa 1956 walikuwa Mwalimu Ashura, wa shule ya wasichana, na mimi. Kuanzia hapa siwezi tena kujiita mwandishi wala katibu.

Mwalimu Ashura alihesabu kwanza. Akatoka, nikaingia. Chungu cha Bwana Shabani nilikimimina jamvini, nikahesabu kumi na tatu. Nikamimina cha Bwana Shaibu. Katikati ya kuhesabu, mkono wangu ulishika korosho moja nyepesi mno, ganda tupu lisilo na kiini, na kabla sijafikiri neno nikairusha dirishani. Ndivyo nilivyofundishwa, kipimo kibovu hakihesabiwi. Miaka minne nilikuwa nikichambua sampuli za korosho kila msimu, na mkono wangu ulijua kazi hiyo kuliko mimi mwenyewe. Nikahesabu zilizobaki, kumi na tatu. Nikaandika, nikakunja kikaratasi, nikatoka.

Mwenyekiti wa Chama akasoma. Bwana Shabani kumi na tatu kwa wote wawili. Bwana Shaibu, Mwalimu Ashura kumi na nne, katibu kumi na tatu. Hapo ndipo nilipoiona ile korosho ikipita dirishani, kama vile nairusha upya. Ilikuwa mbovu kwa mlaji, lakini ilikuwa kura ya mtu. Nilijua pale pale, na yeyote atakayesema katibu wenu hakujua, mwambieni amekosea, mwenyewe amesema.

Mwalimu Ashura alisimama na kusema, "Mimi watoto arobaini nawahesabu kila asubuhi wakiwa wanakimbia. Korosho hazikimbii. Ni kumi na nne." Mwenyekiti akasema huenda ni mwalimu aliyezidisha, akamgeukia Bwana Shaibu, kwa kuwa yeye ndiye bingwa wa jambo hilo, akamuuliza kanuni inasemaje wahesabuji wakitofautiana. Alimuuliza mgombea mwenyewe. Bwana Shaibu akasimama. Alinitazama mimi, tena kwa muda, kama anavyoutazama mti wa vipimo maji yakiwa yanacheza. Kisha akasema, "Kanuni inasema iandikwe ndogo."

Ikaandikwa ndogo. Kura zikawa sawa, na katiba yetu inasema zikiwa sawa kiti apewe anayeishi karibu na ofisi. Bwana Shabani akashinda. Uani moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na moshi mkali wa maganda ukatutoa wote machozi, kwa hiyo yangu hayakuonekana.

Kwa nini sikusema? Nimejaribu kwa siku nyingi kuliandika hili kwa namna itakayonisitiri, nimeshindwa. Kituo hakiwezi kukaa bila mtu ila kwa siku chache, na mtu wa pili aliyeijua kazi ile alikuwa mmoja tu. Bwana Shaibu akija Mtwara, mimi ningekwenda mdomoni. Barua ya kunihamisha nilikuwa nimeipiga chapa mwenyewe wiki iliyotangulia, ikawa inangoja tu Bwana Shaibu ashinde. Nilikuwa nimeoa miezi miwili kabla. Mke wangu Rehema alikuwa bado hajamaliza kupanga vyombo. Nikaogopa nukta zile. Nikala korosho.

Bwana Shaibu alirudi kituoni kesho yake kwa lori la Kilambo. Mwaka 1957, mwezi wa Juni, nilipita Shangani kumpelekea Bi Mwanakombo barua ya mumewe, kama nilivyozoea, maana mfuko wa barua za kituo niliupeleka na kuurudisha mimi kila mwezi. Hakuifungua. Alinikaribisha kwa kahawa, akasema, "Shemeji, mume wangu siku hizi namjua mwandiko tu. Barua hailali, haili, haiugui nikaiuguza. Mwambie nimengoja hadi nimechoka, na sina ubaya naye." Nilipeleka maneno hayo kituoni. Nikarudi na talaka yake bahashani, nikampa mwenyewe mkononi. Alilia, akasema Mungu ambariki. Ameolewa Lindi, na nasikia wanasikizana. Bwana Shaibu ameniruhusu kulitaja jambo hili. Bi Mwanakombo naye tulimwandikia, akajibu kwamba liandikwe, ila isiandikwe kwamba hakumpenda.

Sina budi kuyataja pia mafanikio ya miaka iliyofuata, kwa sababu yapo. Vipimo vyake vya mafuriko ya mwaka 1958 ndivyo vilivyowawezesha watu wa bondeni kuhamisha maghala ya mpunga kabla maji hayajafika. Kitabu kidogo cha kanuni, ambacho sasa kinatumika na waangalizi wetu wote, karibu chote ni maneno yake. Bwana Shabani, akiwa mwenyekiti, alimwandikia kila mwezi kumuomba ushauri, na hajawahi kuona aibu kusema hivyo. Katika miaka hiyo mitatu Bwana Shaibu hakuomba uhamisho tena. Nukta zikaendelea.

Oktoba iliyopita Kamati iliniagiza niandike wasifu huu. Nikafungua muhtasari wa mkutano wa 1956 ili nipate tarehe sawasawa, nikakuta tarakimu zangu. Kumi na tatu, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu pembeni. Nilijaribu kuandika makala bila uchaguzi ule. Nilifika mahali pa kusema "alipendwa na wenzake" nikaweka kalamu chini. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda lori hadi Kilambo, nikatembea.

Nilimkuta anasuka kamba. Amekonda, na kichwa chote ni cheupe. Alinipa maji kwanza. Nilimweleza yote nikiwa bado nimeshika kata mkononi, korosho, dirisha, barua ya uhamisho, Rehema, yote. Ilikuwa saa sita, akainuka akaenda kusoma maji, akaandika, akarudi akaketi.

"Nilijua," alisema. "Tuliingia watu ishirini na saba. Ishirini na saba tukatia mkono nyuma ya pazia. Mimi naweza kukaa mahali nisihesabu watu?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema kwamba katika daftari, tarakimu iliyokosewa haisahihishwi ila na yule aliyeiandika. Mwingine akiigusa, daftari zima halina thamani. Alinitazama pale ukumbini ili niseme. Sikusema. Akafikiri nitasema usiku, kisha akafikiri nitakuja na barua za mwezi ule, kisha mwezi uliofuata. "Kila ulipokuja na mfuko wa barua nilisema, leo. Ulikuja mara thelathini na tano, Issa."

Niliomba radhi. Aliniacha niombe mpaka nikamaliza, na hakunikatiza kwa adabu kama tunavyofanya mtu akituomba radhi. Halafu akasema jambo ambalo ameniagiza liandikwe hapa kama lilivyo. "Nimekukasirikia sana, na nimejikasirikia pia. Kanuni ile niliitunga kwa ajili ya kina cha maji. Mwanakombo hakuwa kina cha maji. Ningesimama tu nikasema, jamani, hesabuni tena, nataka kurudi kwa mke wangu. Nani angenikatalia?"

Hakuna ambaye angemkatalia. Tuliokuwapo siku ile tunalijua hilo.

Katika mkutano wa Kamati wa tarehe 14 Novemba mwaka huu nilifungua muhtasari mbele ya wajumbe, nikaikata kumi na tatu kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, nikaandika kumi na nne, tarehe na sahihi. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba kura ikishaliwa haizungumzwi. Mwalimu Ashura akamjibu kwamba aliyekula ni yeye na tumbo lake, hesabu haikuliwa. Bwana Shabani alisimama, kwa mara ya kwanza bila mzaha, akasema, "Basi miaka mitatu nimekikalia kiti cha mwenzangu," akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma. Imeandikwa, na haitafutwa, kwamba mwenyekiti halali wa Mkondo wa Njia za Utafiti tangu Novemba 1956 hadi Desemba 1959 ni Bwana Shaibu bin Abeid. Tulimpelekea habari hiyo, na ombi kwamba aendelee na kiti baada ya kustaafu. Alijibu kwa mistari miwili. Anashukuru kwa kusahihishiwa. Kiti hakitaki, amechoka kuandika.

Mimi nimeomba kwenda mdomoni, na Kamati imekubali. Tarehe mosi Januari, saa kumi na mbili asubuhi, nitasoma maji. Tabibu amesema Rehema asikae kule wakati wa masika, kwa hiyo atabaki Mtwara na mtoto. Msinihurumie na msinisifu. Nimeandika barua kwa katibu mpya kwamba baada ya miaka miwili awepo mtu wa kupokezana, akae miwili naye aondoke, na kwamba yeyote atakayeomba uhamisho asijibiwe kwa nakala.

Ndugu wanachama, kwa kawaida hapa ndipo tunapotaja zawadi. Kamati ilimuuliza Bwana Shaibu anataka nini, ikimdokezea saa ya ukutani. Alisema saa anazijua. Amepata nyumba Shangani, upande wa mtaa wa pili kutoka msikitini, mlango wa samawati, na ataingia tarehe mbili Januari. Atakuwa peke yake. Watoto hawakujaliwa, na ndugu zake wa Mikindani wamekwisha kufa wote wawili wakati yeye akiwa kituoni. Alichoomba ni kwamba mtu apite.

Basi piteni. Msiende wote siku ya kwanza na tarumbeta kama mlivyozoea, mkamaliza hamu zenu, kisha mwezi ukaisha bila mtu. Gawaneni siku. Bwana Shabani amekwisha kuchukua Ijumaa baada ya sala, na Mwalimu Ashura Jumapili pamoja na mumewe. Rehema atapeleka chakula Jumatano, ataketi na mtoto hadi alasiri, na mtoto ni mpiga kelele sana. Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi bado hazina watu. Mkienda msiwe na haraka. Mkiwa na kikohozi, msikizuie.

Bwana Shaibu, kaka yangu, Chama kinakushukuru kwa kazi yako yote, na mimi nakushukuru kwa maji uliyonipa kabla hujanisikiliza. Mungu akupe afya na umri. Tunakutakia maisha mema, yenye watu ndani yake.